Picha ya droni kung'aa: dhana potofu na ukweli

"Panapong'aa zaidi ndipo mahindi yamestawi."

Hii naisikia kila msimu, na ndiyo inayopeleka mbolea pasipohitajika. Namba iliyomo kwenye pikseli ni mwanga ulioifikia kamera tu. Mwanga huo hupanda na kushuka kwa jua, kwa mawingu na kwa muda ambao kamera imeachwa wazi. Jani ni sehemu moja ya hesabu. Tunachokitafuta ni uakisi: katika mwanga wote ulioliangukia jani, kiasi gani kimerudi?

Chukua kibao cha kijivu cha kalibresheni (cha kusawazishia vipimo) ambacho kiwandani kimepimwa kuwa huakisi asilimia 50. Saa sita mchana, kwenye bendi ya infraredi (sehemu ya mwanga ambayo macho hayaioni), kibao kinasoma 24,000 na jani 18,000. Gawanya ya jani kwa ya kibao, zidisha kwa 50: jani lina asilimia 37.5. Likipita wingu kibao kikashuka hadi 12,000, jani nalo litasoma 9,000. Picha imefifia nusu nzima, jani ni lilelile la 37.5. (Hapo sijagusa mipangilio ya kamera. Ikiwa otomatiki, inajibadilishia muda yenyewe angani, na programu lazima ilizingatie hilo kabla ya kulinganisha picha.)

"NDVI ni uwiano, kalibresheni ya nini?"

Hapa hata wataalamu hunaswa. NDVI ni kipimo cha ustawi wa mimea: infraredi toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Uwiano hufuta kosa pale tu bendi zote mbili zinapoongezeka au kupungua kwa kiwango kimoja. Kamera nyingi za kazi hii zina lenzi na kihisi kwa kila bendi, na kila kimoja huweza kujipangia muda wake. Jani lenye infraredi 0.45 na nyekundu 0.05 lina NDVI ya 0.8. Bendi nyekundu ikiachwa wazi muda maradufu bila kusahihishwa, 0.05 inasomeka 0.10, na NDVI inaporomoka hadi 0.64. Mkulima anaambiwa shamba linaumwa, kumbe haliumwi.

"Kibao kikipigwa picha asubuhi, siku nzima imetosha."

Jua la saa mbili si la saa saba. Kipige kabla ya kurusha na baada ya kutua. Kihisi cha mwanga kilichoko mgongoni mwa droni husaidia mawingu yakipita, ila hakikiondoi kibao kazini. Kivuli chako kisikiangukie, na usikisogelee mno: shati jeusi la pamba mara nyingi hung'aa kwenye infraredi, na mwanga wake hukiangukia kibao.

"Faili limefunguka jeusi, limeharibika."

Hapana. Ramani ya uakisi mara nyingi hubeba desimali za kati ya 0 na 1, na programu ya kawaida ya picha huzionyesha giza tupu. Ifungue kwenye QGIS, programu ya ramani. Ukikuta paa la bati linasoma 1.3 usishtuke: kibao hutawanya mwanga pande zote, bati limelirusha jua moja kwa moja kwenye lenzi kama kioo. Zikate pikseli hizo kabla ya kutafuta wastani wa shamba.