Kugeuza aina ya data ni nini?

Kila thamani ndani ya programu ina aina yake. Kuna namba kamili kama 12, namba za desimali kama 12.75, na maandishi, yaani herufi au tarakimu zilizofungwa kwa alama za kunukuu, kama "12". Machoni petu 12 na "12" ni kitu kimoja. Kompyuta huijumlisha ya kwanza, ya pili huiunganisha. Kugeuza aina ya data ni kuitoa thamani katika aina moja na kuitia katika nyingine.

Tuseme unamwandikia mnunuzi wa samaki hapa Malindi programu ya kuhesabu kilo. Anachokichapa kwenye kisanduku, hata kikiwa tarakimu tupu, kwa kawaida huingia kama maandishi. Amechapa "5", na programu inataka kuongeza 3. Lugha ya kuandikia programu iitwayo JavaScript itajibu "53", kwa kuwa upande mmoja ukiwa maandishi, alama ya kujumlisha huunganisha. Lakini "5" - 3 katika lugha hiyohiyo ni 2! Kwa "5" + 3, lugha ya PHP hujibu 8. Lugha ya Python hukataa katakata kujumlisha, mpaka uandike int("5"), yaani amri ya kugeuza kuwa namba kamili, wewe mwenyewe. Mimi naiunga mkono Python: afadhali kosa linaloonekana kuliko kilo 53 zilizoingia daftarini kimyakimya.

Hata ukigeuza kwa mkono wako, angalia kinachodondoka. int(12.75) ni 12; haikadirii, inakata, na hizo gramu 750 za nguru ni jasho la mvuvi. Namba ya simu nayo iache iwe maandishi. Hakuna anayeijumlisha, na ukiigeuza, sifuri ya mbele inapotea.

Hatari kubwa zaidi ni kuhamia aina ndogo. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu yake iligeuza namba ya desimali ya biti 64 (biti ni nafasi ya 0 au 1 katika kumbukumbu ya kompyuta) kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Msimbo huo ulitoka kwa roketi iliyoitangulia, Ariane 4, iliyokuwa na kasi ndogo zaidi ya mlalo. Namba ikapita kikomo, mfumo wa uelekezaji ukazimika, na kabla dakika haijatimia roketi ikalipuka. Sisi tulio jirani na kituo cha anga cha Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970, kisa hiki kinatuhusu.

Kwa hiyo pima kikomo kabla ya kugeuza. Lugha ya Java ukiiandikia (byte) 200, yaani geuza 200 kuwa byte, aina ndogo ya namba kamili, hukupa -56 bila kulalamika, kwa sababu byte huishia 127.