Usiache mdomo wa mpira ndani ya ndoo

Mimi ni fundi bomba na kitu kinachonikera sana kwenye nyumba za watu ni mpira uliofungwa kwenye koki alafu mdomo wake umezama kwenye ndoo ya sabuni au pipa la dawa ya mimea. Watu wanajua maji hutoka bombani kuja kwao, basi, kumbe yanaweza kugeuza njia! Maji yanafuata presha tu. Bomba kuu likipasuka, au zimamoto wakivuta maji mengi kwa mpigo, presha inashuka ghafla, bomba linaanza kufyonza, na koki kama iko wazi vilivyomo kwenye ndoo vinapanda mpira mpaka kwenye maji mnayokunywa wewe na majirani, na unaweza usione rangi wala kusikia harufu.

Hii sio nadharia. Mwaka 1969, chuo cha Holy Cross kule Worcester, Marekani, zimamoto walivuta maji presha ikashuka, maji machafu yaliyotuama kwenye vishimo vya koki za kumwagilia uwanja yakafyonzwa ndani ya bomba, wachezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo wakanywa. Karibu timu nzima ikapata homa ya ini, msimu ukafutwa baada ya mechi 2 tu.

Pampu au boila nayo ikizidi presha ya bomba kuu inasukuma maji kurudi, hapo ndo tunafunga nonritani, yaani valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Ila nonritani moja mimi siiamini, kipande cha kutu au mchanga kikikaa pale kwenye raba haifungi tena na huwezi kujua kwa macho, lazima ipimwe.

Ninachokiamini ni nafasi ya hewa, haichakai. Mdomo wa koki ukae juu ya ukingo wa sinki kwa mara 2 ya upana wa tundu lake, na isipungue sm 2.5, yaani koki ya nusu inchi iache inchi nzima. Kwenye tanki pia, bomba la kuingizia liwe juu ya lile la kumwagia yaliyozidi.

Kwa mpira kuna kidude kinachofungwa kati ya koki na mpira, presha ikishuka kinafungua vitundu kinaingiza hewa, ufyonzaji unakatika. Ila ukimaliza kumwagilia funga koki yenyewe, usibane tu bastola ya mpira, maana hakijatengenezwa kukaa na presha masaa yote.