Kaboni ya udongo: mti shambani unaongeza nini hasa?

Ukipanda migrivea kwenye mipaka ya shamba lako la mihogo kule Sengerema, utaambiwa umehifadhi kaboni. Sawa, lakini imehifadhiwa wapi? Ipo iliyo kwenye shina na matawi, ambayo ukikata kuni inaondoka nayo. Na ipo ya udongo. Hizi ni akiba mbili, na hii ya pili hujaa polepole mno.

Kaboni ya udongo ni ile iliyomo kwenye mboji, yaani masalia ya majani, mizizi, samadi na vijidudu vilivyokufa. Takriban nusu ya uzito wa mboji kavu ni kaboni. Mti huvuta hewa ukaa na kujengea mwili wake. Majani yakipukutika na mizizi midogo ikifa, vijidudu huyala masalia hayo, na sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani vinapopumua. Kinachosalia hung'ang'ania chembe za mfinyanzi. Hicho kidogo ndicho akiba.

Ndiyo maana aina ya udongo ina usemi mkubwa. Wasukuma hutenganisha luseni, mchanga wa miinuko yenye mawe, na mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa kiangazi. Luseni ina mfinyanzi haba, kwa hiyo mboji yake huisha upesi. Mbuga hushika zaidi. Miti ileile, matokeo mawili.

Halafu kuna jembe. Kila unapotifua, hewa huingia na vijidudu huchangamka. Hata kuchimba mashimo ya miche kunaweza kupunguza kaboni miaka ya mwanzo. Na majani ukiyafagia na kuyachoma, umebakiwa na mizizi tu, ingawa ile inayozama chini hutunza kaboni muda mrefu kuliko majani ya juu.

Wakara wa kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, walijaza akiba hii kwa njia nyingine: ng'ombe walifungiwa ndani, samadi ikapelekwa shambani, marejea, mmea jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, ikafukiwa ardhini. Mboji ni mboji, mti hauna hakimiliki nayo.

Kwa kawaida hupimwa sentimita 30 za juu, na mabadiliko hukadiriwa kwa kipindi cha miaka 20. Basi anayekuja na mkataba wa kukulipa kwa kaboni uliyohifadhi baada ya misimu miwili, muulize alichimba wapi, kina gani. Angalia na kipimo: tani 1 ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa, na bei hutajwa kwa hiyo ya pili.