"Fundi usinifulie kitambaa changu", na maneno mengine nayosikia kila wiki hapa kibandani

Jumamosi asubuhi sijafungua hata kibanda vizuri, kaja dada mmoja na kiroba kimejaa mabaki ya vitenge, sare za harusi tatu tofauti anavyosema mwenyewe, anataka mito sita ya makochi na pazia la mlango wa chumbani. Nikamwambia sawa dada, acha, ila kabla sijagusa mkasi vyote vitafuliwa. Mtu kabadilika sura palepale. "Fundi usinifulie kitambaa changu bwana, vipya hivi, ukivifua vinakuwa mtumba."

Huyo ni wa tatu kwa wiki moja. Nshachoka. Nimeshona hapa Mtwara miaka mingi tu, na kama kuna neno limenitia hasara na kunigombanisha na wateja ni hili, kwahiyo leo naliandika ili mtu akija nimpe simu asome mwenyewe, mi niendelee na kazi.

Kitambaa kipya cha pamba hakijatulia. Kiwandani nyuzi zimevutwa zikakazwa, alafu kikapakwa wanga ili kikae kigumu kinang'aa dukani, na ule ugumu ndio watu wanauita ubora. Siku kikigusa maji ya kwanza wanga unatoka na zile nyuzi zinalegea zinarudi zilipotaka kuwa, ndo mana wazee wetu wakasema nguo imerudi. Na hairudi sawasawa pande zote, mara nyingi urefu unarudi zaidi kuliko upana. Ukikifua kabla ya kushona kinarudia kwenye beseni, hakuna anayeumia. Ukikifua baada ya kushona kinarudia ndani ya mshono, na hapo ndo mnakuja kuniita fundi mbovu.

Chukua pazia la urefu wa sentimita 220, kitambaa kikirudi asilimia 5 tu, ambayo kwa pamba ni kitu cha kawaida kabisa, umepoteza sentimita 11. Pazia lililokuwa linafagia sakafu sasa limepanda juu ya kisigino kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Hiyo ni kwa kitambaa kimoja. Kwenye mabaki ndo balaa lenyewe, sababu unaunganisha cha huku na cha huku, hiki kishafuliwa mara ishirini kilikuwa gauni, hiki hakijaona maji tangu kitoke dukani, hiki ni satini ya polista ambayo hairudi hata uifue vipi. Ukivishona pamoja leo vinakaa vizuri vinapendeza, unapiga picha unamtumia shoga yako. Ukifua, cha pamba kinavuta, cha polista kinakataa, kile kilichokataa kinavimba katikati.

Mi mwenyewe yalinikuta, sio kwamba nasimulia ya jirani. Zamani naanza anza kazi nilimshonea mama mmoja wa Mikindani foronya za makochi, kitenge cha bluu na satini ya dhahabu zimepishana kama bao la drafti. Nilizipiga pasi mpaka nikajiona. Hazikufika mwezi kazirudisha. Zile satini zimevimba kila mraba kama maandazi, pembe zimevutwa zimegeuka masikio, alafu foronya zenyewe haziingii tena kwenye sponji, alivyolazimisha zipu moja ikafumuka. Yule mama hakunigombeza, aliziweka mezani tu akakaa kimya, na afadhali angenigombeza. Nilizishona upya zote kwa vitambaa nilivyonunua kwa hela yangu. Tangu siku hiyo hakuna kitambaa kinapanda mezani kwangu bila kuona maji, awe shangazi yangu awe mke wa nani.

Na hili la "vinakuwa mtumba" nalo. Dada yangu, kitambaa kikifuliwa mara moja kikawa chepesi kama chandarua, hicho sio kwamba mimi nimekiharibu, ndivyo kilivyokuwa tangu dukani, ulinunua wanga. Bora ulijue hilo kabla hujalipa ushonaji.

Sasa kama huniamini fanya hivi nyumbani. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifue kwa maji ya moto na sabuni, anika, piga pasi, pima tena. Kikitoka 19 umeshajua, ni asilimia 5, zidisha kwa urefu wa pazia lako. Kama hujui ni pamba au polista, chomoa nyuzi chache zishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inabaki jivu laini. Polista inayeyuka inajikunja, inaacha kishanga kigumu cheusi. Usijaribu hii karibu na watoto na usishike kwa vidole, ule uji wa polista ukikudondokea unaganda na ngozi. Msishangae mkikuta kitenge mlichouziwa kwa jina la pamba kinayeyuka, siku hizi viko vingi sokoni vimechapwa maua yaleyale.

Mabaki madogo madogo watu wanasema hayafuliki, yanafumuka nyuzi yanafungamana. Kweli yanafungamana ukiyatupa hivihivi kwenye beseni. Tia kwenye ule mfuko wa neti wa vitunguu, funga mdomo, loweka nusu saa, kamua kidogo, anika kivulini, piga pasi bado yana unyevu. Vipande vikiwa vidogo kama kiganja basi lowanisha kitambaa kingine, weka juu yake, pasi ya moto mpaka mvuke uishe. Hii ni kwa pamba jamani, polista ukiipa pasi ya pamba inaganda na pasi na utanikumbuka.

Haya, hilo ndo lililokuwa limenikaa kooni. Mengine nayapitia haraka.

Chumvi. Kila mtu hapa mtaani ana bibi aliyemwambia loweka kanga kwenye chumvi, au siki, rangi isitoke. Chumvi ina kazi yake kule kwenye kutia rangi, inasaidia rangi za pamba ziingie kwenye uzi. Nguo ikishatiwa rangi vibaya chumvi yako ya jikoni haiwezi kwenda kuishika. Na siki inafaa kwa rangi za sufu ya kondoo na hariri, sio pamba. Unachofanya ni kufua peke yake, maji mengi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yatoke meupe. Kama bado yanatoka mekundu mara ya sita, kitambaa hicho usikiweke pembeni ya kitambaa cheupe, basi. Kitengenezee tandiko la mlangoni.

Pazia. "Fundi dirisha langu lina mita moja na nusu, nimeleta mita moja na nusu." Mama, hilo sio pazia, ni bango. Upana wa pazia ni mara mbili ya upana wa dirisha ili liwe na mikunjo, ukibana sana mara moja na nusu. Hapa ndo mabaki yanafaa sana kuliko watu wanavyodhani, kitambaa kikuu kikikupungukia unaongeza ukanda wa rangi nyingine chini au pembeni na mtu anaona umefanya makusudi. Alafu tia bitana, kile kitambaa cha pili cha nyuma, hata shuka kuukuu la mtumba linatosha. Madirisha ya kule Shangani yanayotazama bahari yanapigwa na jua sio mchezo, pazia lisilo na bitana linapauka upande wa nje unaanza kuona mistari ya mikunjo. Na ringi za chuma rahisi msiweke jamani. Upepo wa chumvi huu, kutu inashuka kwenye kitambaa mistari ya kahawia, na kutu haitoki kwa sabuni. Weka za plastiki au za mbao.

Kujaza mito kwa vipande. Hii naona watu wanasifiana sana, eti hakuna kinachotupwa. Mto uliojazwa vitambaa ni mzito kama mchanga, baada ya wiki mbili una mabonde, na ukilowa haukauki. Sisi huku mvua zikianza mwisho wa mwaka ni mpaka Aprili, Mei, unyevu kila mahali, ndani ya huo mto kuvu inaota wewe umelaza kichwa. Vipande jaza pufu la kukalia, hapo uzito ni faida. Mto wa kichwa tia sufi. Miti ya sufi tunayo, tunaipita kila siku tunaenda dukani kununua sponji ya vipande iliyosagwa.

Kanga haikatwi. Nani kasema? Kanga ni pamba nyepesi nzuri, na ukiiangalia kwa jicho la fundi imeshajipanga yenyewe, mji wa katikati unakaa mbele ya mto, pindo linakuwa ukingo wa pazia au kitambaa cha meza, jina unalikata lote zima unalitundika ukutani juu ya kochi. Ila ulikate kwa akili. Niliwahi kuletewa kanga ya "Mgeni njoo mwenyeji apone" tayari imekatwa nyumbani, imekunjwa katikati ikapigwa mkasi bila kusoma, mto wa kwanza "Mgeni njoo mwe", wa pili "nyeji apone". Nikashona hivyohivyo, mwenyewe aligoma nisifumue, anasema wageni wanacheka wakikaa.

Madoa ya bibo nayo, msimu wa korosho naletewa vitambaa vya meza naambiwa niloweke kwenye jiki. Lile doa la maji ya bibo likishakaa limekaa, jiki inatoa rangi ya kitambaa doa linabaki linakuangalia. Kata ua kwenye baki la kitenge, lishone juu ya doa, alafu shona mengine mawili pembeni ili lisionekane kiraka. Robo saa umemaliza.

"Sina cherehani ya umeme." Mimi pia sina, nakanyaga Butterfly nyeusi na hamjawahi kujua tofauti. Hata hiyo kama huna, sindano ya mkono na mshono wa kurudi nyuma unashika mto wa kochi miaka. Kinachowaponza sio cherehani, ni sindano iliyochakaa. Inatoboa kitenge kinafanya tak tak tak, unaendelea tu. Badilisha, sindano namba 14 kwa vitenge na kanga, 16 au 18 ukiunganisha jinsi.

La mwisho, na hili ni la mfukoni mwangu. "Fundi si mabaki haya, kwanini bei kubwa kuliko kitambaa kizima?" Naomba tuhesabu pamoja. Mto wa sentimita 40 kwa 40 kwa vipande ni miraba 16, kila mmoja unakatwa sentimita 12 ili ukishakula sentimita moja ya mshono kila upande ubaki 10. Safu nne, kila safu maungio matatu, hiyo 12, alafu kuunganisha safu zenyewe mara tatu, jumla mishono 15, na kila mshono unafunguliwa unapigwa pasi la sivyo miraba haikutani pembe. Nyuma kwangu siweki zipu, nakata vipande viwili vya 42 kwa 28, kila kimoja nakunja upindo unakula sentimita mbili, vinapandana kama bahasha sentimita 10 katikati, mto unaingia na kutoka bila kufumuka kitu. Mbele ya kitambaa kizima ina mishono mingapi? Haina hata mmoja, unakata unageuza. Kwahiyo baki ni la bure, ndio, ila mikono yangu sio mabaki.

Yule dada wa Jumamosi kiroba chake bado kiko chini ya meza, sijakata hata kipande. Jana jioni kanipigia, anasema atamtuma mtoto aje akichukue, akakifue mwenyewe nyumbani maana mimi nitatumia sabuni kali. Nikamwambia sawa, na mfuko wa vitunguu nitampa huyohuyo mtoto.