Kinyakyusa hakiharibu Kiingereza

Kuanzia Kyela hadi Tukuyu, na Mbeya mjini pia, kusini-magharibi mwa Tanzania, utasikia wazazi wakisema mtoto aliyelelewa kwa Kinyakyusa hatakuja kusema Kiingereza safi, kwa hiyo lugha ya bibi iachwe kijijini. Dhana hii ni ya zamani, na kwa sehemu kubwa si kweli.

Chukua irabu. Kiswahili kina tano. Kinyakyusa kina saba, tena kinatofautisha fupi na ndefu. Kati ya hizo saba zimo "i" za namna mbili: moja kama ya Kiswahili, nyingine imelegea kidogo. Mwanafunzi anayejua Kiswahili peke yake mara nyingi hutamka ship na sheep vilevile, meli ikawa kondoo. Aliyekulia Rungwe, kwa Wanyakyusa, sikio lake limeshazoea kutenganisha sauti za aina hiyo. Hazilingani kabisa na za Kiingereza, lakini ana pa kuanzia.

Pa kujikwaa papo, sikatai. R na l humsumbua. Hilo hurekebishika kwa kusikiliza na kurudia.

Kinachomkwamisha mwanafunzi wa Kiingereza wa kiwango cha kati ni kingine. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza ghafla. Mtoto hukariri notisi, na hata kufaulu, bila kuzungumza. Anachohitaji ni hadithi nyepesi za kusoma na mtu wa kubishana naye kwa Kiingereza, hata kama ni kuhusu bei ya ndizi.