Je, wajua kwa nini mbunge hushika shilingi ya Waziri?

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, Bunge la Tanzania likiwa Dodoma kwenye mkutano wa bajeti, hukosi kumsikia mbunge akisema kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha "atashika shilingi". Tunaolifuatilia Bunge tumezoea. Anayesikia kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: wizara imeomba mabilioni, mbunge anang'ang'ania shilingi moja ambayo siku hizi hata muuza duka harudishi chenji yake. Itamsaidia nini?

Shilingi hiyo ni ya mshahara wa Waziri, na sababu ya kuwa moja, si elfu wala milioni, imejificha ndani ya Katiba.

Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inaliruhusu kumuuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ukiishia hapo utadhani mbunge ndiye mwenye ufunguo wa hazina. Sivyo. Ibara ya 99 imemfunga mkono mmoja: jambo la kutoza kodi, kubadilisha kodi iliyopo au kubadilisha matumizi ya fedha za Hazina, Bunge halilishughulikii mpaka Rais awe amelipendekeza na Waziri amelileta. Upenyo mmoja tu umeachwa, kwa maneno mawili: "isipokuwa kupunguza".

Kwa hiyo mbunge hawezi kusimama akaamuru zahanati ya kata yake iongezewe milioni hamsini. Anachoweza ni kupendekeza kitu kipungue.

Sasa apunguze nini? Tuseme kijijini kwake kuna boma la zahanati. Wananchi walichanga, wakafyatua matofali, kina mama wakasomba maji na mchanga, ukuta ukafika usawa wa lenta. Serikali ikaahidi kupaua na kumalizia. Miaka imepita. Ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia nyasi zimefika kiunoni, na tofali za juu zimeanza kulika kwa mvua. Mjamzito wa kijiji hicho bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku kufuata kituo cha afya cha mbali. Mbunge ana kila sababu ya kukasirika. Lakini akisema bajeti ya TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ikataliwe yote, atakuwa amezuia hata fedha za maboma ya wenzake. Na Bunge zima likifika mahali pa kuikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja, wote warudi kwa wapiga kura. Silaha kubwa ipo, ila humrudia aliyeifyatua.

Ndipo inapoingia shilingi. Ni kupunguza, kwa hiyo Katiba haimzuii. Ni ndogo mno, kwa hiyo hakuna huduma inayokwama. Na ni ya mshahara wa Waziri mwenyewe, kwa hiyo hawezi kujifanya hajasikia.

Utaratibu wake unavutia kuutazama. Waziri akishasoma hotuba yake na wabunge wakishachangia, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika pale huitwa Mwenyekiti, ndiyo maana wabunge hubadilisha ghafla na kuanza kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Katibu husoma fungu la wizara, kifungu kimoja baada ya kingine. TAMISEMI ni Fungu 56, Wizara ya Fedha ni Fungu 50. Mshahara wa Waziri hukaa kwenye kifungu 1001, cha utawala na rasilimali watu, na kwa kuwa Waziri ndiye anayebeba sera yote ya wizara, kifungu hicho ndicho kinachofungua mlango wa kuhoji sera. Hapo ndipo orodha ya wanaotaka kusema hurefuka.

Mbunge hueleza hoja yake, Waziri hujibu. Akiridhika, hukaa na mambo yanaendelea. Asiporidhika, hutoa hoja ya kuondoa shilingi na kuwaomba wenzake wamuunge mkono. Wakisimama wa kutosha, boma la kijiji kimoja linakuwa jambo la Bunge zima. Mbunge wa mkoa mwingine kabisa anasimama na kusema hata kwake yapo matano ya namna hiyo. Waziri analazimika kusimama tena, safari hii bila karatasi aliyoandikiwa na wataalamu wake. Mwisho Mwenyekiti anaweza kuwahoji wabunge, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Hoja ikipita, kilichopungua ni shilingi moja, lakini Bunge limetamka kwa kura kwamba halikuridhika na maelezo ya Waziri. Hakuna Waziri anayependa kulala na habari hiyo.

Mara nyingi haifiki huko. Waziri hutoa ahadi iliyonyooka zaidi ya ile ya mwanzo, na mbunge hutamka "narudisha shilingi". Wapo wanaosema huo ni mchezo wa kuigiza. Sikubaliani nao. Ahadi iliyotolewa baada ya shilingi kushikwa huwa na sura tofauti na ile iliyosomwa kwenye hotuba: huwa na kiasi, na mara nyingine huwa na mwezi.

Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza, na kwao uliwahi kuangusha serikali. Tarehe 21 Juni 1895, mbunge wa upinzani St John Brodrick alitoa hoja ya kupunguza mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, kwa pauni 100, akidai jeshi halina akiba ya kutosha ya baruti. Kura zikawa 132 kwa 125. Tofauti ya kura saba tu, na serikali ya Waziri Mkuu Rosebery ikajiuzulu. India nao wanalo jambo hilo, wao hupendekeza kupunguza rupia 100.

Turudi kwetu, kwenye kodi, maana hapo ndipo shilingi inapohitajika zaidi.

Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri. Ilipofika Julai 2016, kazi ya kuikusanya ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: nyumba ya kawaida ikaanza kukatwa 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kwa ukusanyaji, njia hii ni rahisi sana, hakuna anayebisha. Nani atakaa gizani kwa sababu ya kukwepa kodi?

Lakini tazama kinachotokea sebuleni. Mpangaji wa chumba kimoja ananunua umeme wa 5,000 usiku. Ujumbe unaingia na mchanganuo wake: VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3, ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na juu ya hayo kodi ya jengo. Yuniti zimepungua kuliko alizozoea. Jengo si lake. Mwenye jengo, ambaye kodi hii ni yake, anaishi mkoa mwingine, na mpangaji ataanzaje kumdai 1,500 mtu anayeweza kumpandishia pango? Asubuhi mpangaji huyohuyo anaruka mtaro uliofurika, kwa sababu taka hazijazolewa.

Akilalamika kwa mbunge wake, mbunge atamuuliza nani? Kodi iko kwa Waziri wa Fedha. Mtaro na taka viko kwa halmashauri, ambayo iko chini ya TAMISEMI. Wa Fedha atasema makusanyo yameongezeka, na atakuwa anasema kweli. Wa TAMISEMI atasema halmashauri itenge fedha kutoka mapato yake ya ndani, na kanuni zinasema hivyo. Mkurugenzi wa halmashauri atasema chanzo hicho hakiko mikononi mwake kama zamani. Wote watatu wamejibu sahihi, na mtaro bado umejaa. Mbunge anaijua picha hii vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Bajeti ya halmashauri aliipitisha yeye mwenyewe miezi michache kabla ya kwenda Dodoma.

Hali kama hiyo imetokea zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ile watu waliyoiita kodi ya kichwa, na wengi walishukuru. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, na alistahili kupumua. Ila halmashauri ya wilaya isiyo na viwanda wala hoteli, inayotegemea mahindi na korosho, iliamka na pengo. Pengo hilo linazibwa na nani, na lini? Hilo ndilo swali ambalo mbunge makini hulishikia shilingi, na ningependa kulisikia siku ileile punguzo linapotangazwa.

Kuna njia nyingine za kuhoji. Kila kikao huanza na maswali saa 3 asubuhi. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, kwa hiyo Naibu Waziri huja na jibu lililopikwa wizarani, na tunalijua kwa moyo: ujenzi utafanyika "kadri ya upatikanaji wa fedha". Uzito uko kwenye swali la nyongeza. Mbunge hushukuru kwa "majibu mazuri", kisha huuliza lile ambalo halikuandikwa. Mwenye uzoefu huuliza kiasi na tarehe. Mgeni huomba Naibu Waziri "aambatane naye" jimboni, na jibu huwa "niko tayari".

Tena iko Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, isiyo na mbwembwe. Hapo anayekaa kitini ni mkurugenzi wa halmashauri, akiwa na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mbele yake. Ukaguzi umekuwa ukirudia jambo moja: ushuru uliokusanywa kwa mashine za POS, kwenye mageti na masokoni, ambao haukufika benki. Mama muuza nyanya alilipa na risiti anayo. Mkurugenzi anaulizwa fedha iko wapi, na hana wa kumtupia mpira.

Yote yanayosemwa bungeni, shilingi ikishikwa na ikirudishwa, huandikwa neno kwa neno kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi. Aprili inayofuata, katibu anaposoma tena Fungu 56, kifungu 1001, mbunge wa lile boma huja na ukurasa wa mwaka jana, ameupigia mstari pale Waziri alipotaja mwezi.