Mashine ikikataa kuwaka ikiwa na moto, usiisubiri ipoe

Kaskazi ikishashika na jua la Kilwa likiwa kali, kesi ile ile hurudi kwenye benchi langu. Vijana wawili wanabeba mashine ya boti begani, nahodha nyuma yao. "Fundi, asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja. Tukifika mtegoni tukazima ili tuvute nyavu, haiwaki tena mpaka lipite saa zima." Naifunga kwenye pipa la maji, navuta kamba, inawaka kwa mvuto mmoja. Lazima iwake, imepoa tangu jana.

Ugumu wa maradhi haya uko hapo: yanaonekana wakati wa moto tu, na mashine huletwa kwa fundi ikiwa baridi. Ndiyo maana nawasihi manahodha: mashine ikikataa baharini, tia nanga boti isichukuliwe na mkondo, kisha fungua kifuniko na uanze kupima papo hapo. Ukiiacha ipoe umeufukuza ushahidi.

Nazungumzia mashine za petroli ya kuchanganya na oili, silinda mbili, kama zile Enduro za Yamaha za nguvu farasi 40 tunazozoea. Ikiwa inakimbia, maji ya bahari hupita ndani ya bloku na kuipoza, na petroli mpya hupita muda wote kwenye kabureta, pale inapochanganywa na hewa. Ukizima, maji husimama hapo hapo, lakini moto uliomo ndani ya chuma bado upo. Hupanda na kujaa chini ya kifuniko, ukaingia kwenye kabureta, pampu ya mafuta na koili, ile inayotoa umeme wa cheche. Hivyo robo saa baada ya kuzima, kabureta inaweza kuwa ya moto kuliko ilivyokuwa mkiwa mwendoni. Na petroli ni nyepesi: baadhi ya sehemu zake huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi. Robo saa ndio muda wa kuvuta nyavu.

Anza na plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda. Zifungue zote mbili uziangalie, uziguse. Plagi kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kumi ina maana petroli haifiki. Minya ile pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta. Ikiwa laini na haishiki, mpira una mvuke au unavuta hewa mahali. Endelea kuminya hadi iwe ngumu, petroli ya baridi kutoka tangini itasukuma mvuke. Kama bado inagoma, lowesha kitambaa kwa maji baridi, ukikamue, ukifunge kwenye pampu ya mafuta na kabureta kwa dakika tatu bila kugusa nyaya. Ikiwaka baada ya hapo, umeshapata jibu: mvuke. Angalia mpira wa mafuta umepita wapi, usiwe umelala juu ya bloku.

Plagi ikiwa mbichi, petroli inafika, basi tafuta cheche. Rudisha plagi kwenye waya wake, bana chuma chake kwenye bloku, mbali na matundu ya silinda, na ufute petroli yote iliyomwagika kwanza. Mvuke wa petroli hauna mzaha, nimeona mtu akiungua nyusi na mkono. Mwenzako avute kamba. Cheche nene ya bluu inayosikika ni nzuri. Nyembamba ya njano, au giza tupu, hapo ndipo koili inaposhukiwa. Ndani yake kuna waya wa shaba mwembamba sana, na ukiwa na ufa, joto hutanua na kuutenganisha, ubaridi ukaurudisha. Ukipima kwa mita ya umeme usishtuke namba ikipanda kidogo, kwani ukinzani wa shaba huongezeka kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Kinachohukumu koili ni namba kuruka ghafla au mita kutosoma kabisa. Pima pia koili zilizo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito juu ya mashine, zinaugua vivyo hivyo.

Maji na kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, nitavitaja kwa ufupi. Kama kabla ya kuzima mashine ilikuwa inakojoa maji kwa unyonge, ulikuwa unaichoma, kwa hiyo shughulikia impela, ile feni ya pampu ya maji, na chumvi kwenye njia za maji kabla ya kitu kingine chochote. Na kama kamba inavutika kirahisi mno mashine ikiwa na moto, pima kompresheni hapo hapo. Ikishuka sana kuliko ya asubuhi, ringi za pistoni zimechoka.

Mwaka mmoja niliingia baharini na nahodha mmoja, mzee ninayemwamkia shikamoo, kwa sababu alikuwa amekwisha kubadilishiwa koili mbili kwingine na mashine bado inamsumbua. Tulizima, vijana wakaanza kuvuta nyavu. Nilimwona mzee akikaza kizibo cha hewa juu ya tangi ili maji ya chumvi yasirukie ndani. Ni busara ya baharia. Tangi likakaa juani dakika ishirini. Nilipoweka kiganja juu yake, ubavu ulikuwa umevimba kama tumbo la bunju, na mpira wa mafuta mgumu kama kijiti. Mashine ikakataa. Nikafungua plagi: zinachuruzika.

"Mzee, legeza kizibo."

Akakilegeza, hewa ikatoka fyuuu kwa muda mrefu, na tangi likanywea mbele ya macho yetu. Jua lilikuwa limetanua mvuke ndani ya tangi, mvuke ukaisukuma petroli kupitia mpira hadi kabureta, na sindano ya flota, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, ilikuwa imelika ikashindwa kuizuia. Silinda zilikuwa zimejaa. Kila siku saa lile la kusubiri lilikuwa linazikausha, ndiyo maana kila mtu alidhani shida ni moto kwenye koili.

Nikachomoa mpira, nikang'oa ufunguo wa kamba ya usalama ili kusiwe na cheche, tukavuta kamba mara nane plagi zikiwa nje hadi petroli ikatapikwa yote. Tukasubiri upepo uondoe mvuke, tukafuta plagi na kuzirudisha, tukaunga mpira, choki tukaiacha. Mvuto wa pili ikawaka.

Nchi kavu nilibadilisha sindano ya flota tu. Siku hizi mzee akizima kuvuta nyavu huchomoa mpira kwenye mashine, na tangi hulifunika kwa gunia bichi. Zile koili mbili zilizotolewa nilizipima zikiwa na moto na zikiwa baridi. Zote nzima, amezihifadhi kama akiba.